Matanga ya Mtoto wa Sinema

Kwa muda wa miezi mitano, mimi mtu mzima mwenye cheti cha shule ya jioni, kimewekewa fremu na kutundikwa sebuleni juu ya televisheni, niliamini kwamba mtoto mmoja wa Kitamil alikufa kweli mbele ya kamera, kwamba mwongozaji aliendelea kupiga picha mpaka mtoto akakata roho, na kwamba yule kijana aliyeonekana kwenye picha za tuzo, kavaa suti, anatabasamu, hakuwa yeye. Alikuwa mtoto mwingine, katafutwa nchi nzima kwa kufanana naye, ili dunia isishtuke. Niliyaamini hayo kama ninavyoamini kwamba Texas kuna joto. Tena niliyahubiri. Nusu ya Waswahili wa Arlington waliyasikia kutoka kinywani mwangu, na nusu nyingine waliyasikia kutoka kwa hao.

Habari yenyewe ililetwa na ujumbe wa sauti kwenye simu. Mwanamke analia, anasema yeye ni muuguzi wa Chennai, alikuwepo hospitali siku mtoto alipoletwa, na ametishiwa anyamaze. Kwa nini muuguzi wa Chennai alie kwa Kiswahili, tena chenye lafudhi ya Nairobi, hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe niliusikiliza mara saba, na kila mara nilikosa hamu ya kula kwa robo saa nzima, jambo ambalo wanaonijua watakwambia si dogo.

Filamu yenyewe nilikuwa nimeisikia kwa dada mmoja wa Kitamil niliyefanya naye kazi ghalani, kule Mesquite. Yeye alikuwa msimamizi wa zamu, mimi naendesha foklifti, napandisha mizigo kwenye mashelfu marefu kiasi kwamba ukiwa juu unaweza kuona Oklahoma. Saa ya mapumziko tulikaa meza moja kwa sababu ni sisi wawili tu tuliotoka na wali nyumbani. Wenzetu walikula mikate ya baridi ambayo hata kuku wa kwetu angeikagua kwanza. Tulizungumza Kiingereza chetu cha ghalani, ninachokigeuza hapa. Mimi nilimwita dada, na yeye aliniita *anna*, neno lao la kumwita kaka mkubwa.

Akanieleza hadithi ya filamu hiyo. Kuna watoto wawili, kaka na dada yake mdogo, wanaopita nyuma ya vinyozi na saluni kuokota nywele: zilizofagiliwa, zilizotoka kwenye vitana, zilizoziba mitaro. Wanazifua, wanazichambua uzi kwa uzi, wanamuuzia mtu wa kiwanda, na huko zinageuka mawigi ya kupelekwa nchi za nje. Siku moja baada ya mvua yule mvulana anaingia mtaroni kuvuta bonge kubwa la nywele. Anapata homa, na mwishoni anakufa.

Kazi ile dada aliifanya mwenyewe mpaka alipofikisha miaka kumi na miwili. Mtaa ule ndio wake. Na mtoto aliyeigiza mvulana alikuwa mtoto wa jirani yao, ambaye dada alimwita mdogo wake.

Shida yake ilikuwa watoto wake wawili, binti na mvulana, wa umri wa kuota chunusi. Familia iliishi Missouri City, upande wa Houston. Yeye alipanga chumba Mesquite kwa ajili ya kazi, na kila Ijumaa alishika barabara kwa muda wa saa nne kurudi kwao. Aliwahi kuwaambia habari za nywele na mitaro. Wakacheka. Walidhani ni zile hadithi za wazazi za kumlazimisha mtoto amalize chakula. Walimjibu kwa Kiingereza kwamba mama anazidisha chumvi. Sasa filamu ilikuwa imetoka, nayo ilionyesha mtaa wenyewe, na yeye alitaka waione mahali penye watu. Aliomba Watamil wenzake wa Houston wakakataa. Walimwambia wageni hufurahi sana kutuona mitaroni, na sisi tuna mainjinia na madaktari, mbona hao hawapigwi picha. Mzee mmoja alifikia hatua ya kumwambia filamu ile ni kutembea uchi mbele ya majirani.

Ndipo akanigeukia mimi.

“Anna, wakiiona kwenye simu watacheka. Wakiiona katikati ya watu wazima walionyamaza, watanyamaza. Niletee watu wanaojua kunyamaza.”

Nikaahidi watu sitini. Mimi nikiahidi sipungukiwi na namba.

Kwa kuwa nilikuwa nimetoka tu kuhitimu, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba mtu hasemi juu ya kazi ya sanaa kabla hajajua wengine wamesemaje, Jumapili moja niliketi na birika la chai nikasoma wahakiki. Sikuitazama filamu. Nilisoma wahakiki tu, wote walioandika Kiingereza, na naapa walikuwa wengi kuliko mchele kwenye gunia.

Kinyaa kilinianza hapo hapo. Mmoja alisifu jinsi jua la asubuhi lilivyopiga maji ya mtaro yakawa kama dhahabu. Mtaro! Maji ambayo dada alisema ukiyakanyaga vidole vinaoza, huyu kayaona dhahabu. Mwingine alisifu mbavu za mvulana, akazifananisha na ala ya muziki. Nilimtazama mwanangu wa miaka minane aliyekuwa sakafuni anachora magari, nikajaribu kumfikiria mtu mzima aliyeshiba akizihesabu mbavu zake kwa kalamu. Nikaisukuma chai mbali. Mwingine alilalamika kwamba umaskini haukutosha: meno ya watoto yalikuwa meupe mno, hakushawishika. Yaani alitaka na meno yaoze ndipo atoe nyota ya tano. Na karibu wote waliishia na kile kifo, jinsi kilivyo cha kweli, jinsi kisivyoonekana kuigizwa, na wakamshukuru mwongozaji kwa ujasiri. Waliandika kama watu wanaopangusa midomo baada ya karamu. Niliwaona kabisa, kitambaa mkononi, mafuta kwenye kidevu, wanamwita mhudumu alete mtoto mwingine.

Wiki hiyo hiyo ukaja ule ujumbe wa sauti. Sasa niambie, mtu aliyekwisha kusoma kwamba kifo kilikuwa cha kweli mno, halafu anasikia muuguzi analia, atakosaje kuamini?

Aliyenirushia ujumbe alikuwa Mama Mwenyekiti. Huyu ni muuguzi Mkenya wa Arlington, mwenyekiti wa kamati yetu ya misiba kwa miaka mingi. Sisi watu wa huku, Mkenya, Mtanzania, Mkongo, hatujawahi kukubaliana jambo lolote, hata namna ya kukunja chapati, lakini akifa mtu tunakuwa jeshi. Ndani ya saa moja kuna kundi la simu, kuna mweka hazina, kuna ratiba ya nani analeta pilau na nani analeta sahani za karatasi, na kuna mtu mmoja ambaye hakuna anayejua jina lake amekwisha kufika na viti hamsini.

Nilimpigia nikamweleza kwamba marehemu namjua kwa mbali, kwamba msimamizi wangu wa zamu ni jirani yao, ni kama dada yake.

Akauliza: “Na yeye anajua?”

Nikasema hajui. Leo tu kaniambia mtoto kamtumia salamu.

“Uuwi. Hao watu hawana haya. Yaani wanamtumia hadi salamu za bandia? Sasa wewe msomi, nisikilize. Usimwambie. Usithubutu kumwambia kazini.”

Hakuwa na haja ya kunionya. Kwetu msiba hautupwi mezani kama kibiriti. Mtu haambiwi kifo kwa simu, haambiwi akiwa kazini, haambiwi akiwa na safari ya gari, na hasa haambiwi akiwa peke yake. Wazee wanakwenda, wanakaa, wanauliza hali, mfiwa anakula kwanza apate nguvu, ndipo mkubwa wao anamshika mkono. Na dada, kwa hesabu yetu, alikuwa mfiwa pekee upande huu wa bahari. Tukakubaliana: tutamwambia Houston, siku ya onyesho, mbele ya watoto wake, tukiwa wengi.

Siku hiyo ilikuwa bado mbali, maana ukumbi ulikuwa umepatikana kwa kusubiri zamu. Kwa hiyo nilikaa miezi mitano mbele ya yule mama saa ya chakula, nikiwa nimeuficha msiba mdomoni. Yeye alizungumza tu. Mdogo wake kamtumia picha ana simu mpya. Mdogo wake amefaulu mtihani. Mimi natazama kijana wa kwenye picha, mashavu yamejaa, nywele zimelainishwa kwa mafuta. Nilimchukia yule kijana. Nilimwona mwizi aliyevaa uso wa maiti. Dada aliponiuliza kama ni mzuri nikasema ndiyo, ni mzuri, nikaenda msalani kunawa uso. Mara mbili nilirudi nyumbani na wali wote kwenye bakuli, mke wangu akanipima joto.

Matanga tulikaa Arlington Jumamosi moja, sebuleni kwa Mama Mwenyekiti, samani zimesukumwa ukutani, mikeka imetandikwa. Wakristo waliomba, Waislamu wakasoma dua yao, kila mmoja kwa mtoto ambaye dini yake hakuna aliyekuwa na uhakika nayo. Nilisoma karatasi niliyoandika juu ya wale wahakiki. Niliyaeleza ya jua na mtaro, nikaeleza mbavu, nikaeleza meno. Nilipofika kwenye meno, mzee mmoja Mkongo, fundi wa magari, alitoka nje, akarudi akifuta mdomo. Sifa hiyo haijawahi kumpata mwandishi yeyote. Kina mama walisema filamu hiyo hawaitazami, hata wafungwe kamba. Watu hawatazami maiti huku wanakula bisi. Tutakwenda Houston kumpa mama wa watu pole, basi, halafu tutarudi.

Nilijua maana yake. Dada angebaki na ukumbi mtupu na watoto wanaocheka. Lakini nilijiambia kwamba akishajua ukweli na yeye mwenyewe hataitaka tena.

Tukaenda. Magari kumi na moja tuliyashusha barabara kuu kutoka asubuhi, joto limelainisha lami. Kina mama walivaa kanga juu ya nguo nyeusi, wanaume makoti. Kituo cha mafuta tuliposimama, watu walitupisha kwenye foleni bila kuambiwa.

Ukumbi wa Missouri City ulikuwa mdogo, safi, una harufu ya sabuni ya sakafuni. Dada alikuwa amepanga viti, ameleta sambusa na chai ya maziwa kwenye dumu la bomba. Alipotuona tunaingia sitini kamili, kimya, wawili wawili, alifunika mdomo kwa mkono. Alifurahi. Aliniambia hakutegemea tungevaa vizuri hivyo. Watoto wake walikuwa safu ya mbele na simu zao, na mvulana aliuliza kwa Kiingereza, si kwa sauti ndogo, hii ni sinema au kanisa.

Tulikula kwanza, kama inavyotakiwa. Dada naye tulimlazimisha ale, sambusa mbili na chai, na Mama Mwenyekiti alimsimamia mpaka akamaliza. Kisha akamketisha, akamshika mkono, akanipa ishara.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazito. Yalinitoka mepesi tu. Nilimwambia dada, pole sana, yule mtoto uliyemwita mdogo wako alifariki kwa maji ya mtaro ule, wakiendelea kumpiga picha, na yule anayekutumia salamu si yeye.

Kina mama wakaanza kulia kwa chini. Binti aliinua uso kutoka kwenye simu. Mvulana alitoa kicheko, kisha akaona watu wazima sitini wanalia kwa ajili ya mtaa wa mama yake, na kicheko kikamfia.

Dada aliniomba nirudie. Nikarudia. Aliuliza nimejua lini, nikamwambia. Alinitazama kwa muda ambao mimi nausema ni nusu saa, mke wangu anasema haukuzidi pumzi tatu. Kisha aliwatazama watu wangu, mmoja mmoja, halafu akawatazama watoto wake, ambao sasa simu zao zilikuwa mapajani zimelala kifudifudi. Akasimama.

“Asanteni,” akasema. “Naomba mkae. Tumtazame pamoja.”

Akazima taa. Mfiwa akisema kaeni, nani atasimama? Wale wa kufungwa kamba wote walikaa.

Sasa niseme nilichokiona, kwa sababu sikukisoma kwa mhakiki yeyote. Filamu ile inachekesha. Saa nzima ya kwanza ni utani mtupu. Wale watoto wanagombana, wanaigiza sauti za wateja wa saluni, wanavaa nywele za watu kama ndevu na kuandamana barabarani kama wabunge. Dada mdogo wa yule mvulana ana ulimi mkali kuliko wembe wa kinyozi wake. Nyuma yangu yule fundi Mkongo alicheka, akajizuia kwa aibu ya msiba, akacheka tena. Hakuna hata mmoja, katika gunia lote lile, aliyeandika kwamba watoto hawa ni wacheshi. Walikuwa wametazama mbavu. Na mimi nilikuwa nimewatazama wao wakitazama mbavu, nikajiona mwema. Kinyaa kile kile cha Jumapili ya chai kilinirudia, ila safari hii kilikuwa na jina langu juu yake. Nilisoma karatasi ya meno mbele ya watu mpaka mzee mzima akatapika, na hata meno yenyewe nilikuwa sijayaona. Ni meno ya kawaida. Yana pengo moja.

Ilipofika sehemu ya kiwanda, nywele zimelala mezani ndefu, nyeusi, zinang'aa, wanawake wamejifunga pua wanazishonea mawigi, nilisikia mikono ikipanda vichwani gizani. Mama Mwenyekiti alilivua wigi lake taratibu, akalikunja, akaliweka kwenye mkoba, akakaa na mabutu yake kama msichana wa shule. Wengine wakafuata. Aliyekaa kando yangu alinong'ona kwamba alilinunulia Dallas, jipya, kwenye boksi.

Kisha mtaro. Maji yamejaa mpaka kifuani mwa mtoto, meusi, mazito. Anavuta lile bonge, linakatika, anavuta tena, na kila akivuta maji yanamwingia mdomoni. Nilifumba macho. Nilisikia ukumbi mzima umenyamaza, kunyamaza kwa watu ambao wamekwisha kuzika, na katikati ya ukimya huo sauti ya binti, kwa Kiingereza, ndogo.

“Mama. Na wewe uliingia hapo?”

“Kila mvua,” dada akasema.

Binti hakucheka. Alisogeza kiti chake. Mvulana naye, baada ya muda, akasogeza chake upande wa pili. Wakamweka mama yao katikati mpaka majina yalipokwisha kupita.

Taa zilipowaka hakuna aliyejua la kufanya. Kina mama walianza kukunja kanga. Nilimfuata dada penye dumu la chai, ambako alikuwa anainamisha dumu apate kikombe cha mwisho, na nikaanza tena kumpa pole, kwamba kumwona marehemu vile lazima kumemuumiza, kwamba kamati yetu iko tayari kwa lolote.

Aliniwekea kile kikombe mkononi.

“Anna, yule mtoto yuko hai,” akasema. “Anayenitumia salamu ni yeye mwenyewe, nimemnyoa mimi akiwa na miaka miwili, siwezi kumkosea. Mtaro waliuchimba watu wa filamu uwanjani, wakajaza maji ya bomba na majani ya chai, na mama yake alikaa ukingoni na taulo siku zote tatu za kupiga picha. Ungeniuliza tu wakati wa chakula, ningekwambia.”